Kiti cha Mbele

Mwenyekiti Olupot aliambiwa akae nyuma siku ya Jumatatu, na kabla jua halijakaza Busia nzima ilikuwa imepata habari. Hakuambiwa akae nyuma ya pikipiki, ambako hata askofu hukaa bila kupungukiwa na kitu. Alielekezwa kiti cha nyuma cha gari dogo jeupe la Egesa, huku kiti cha mbele kikiwa kimekaliwa na gunia la muhogo mkavu. Gunia lilikuwa limefungwa mkanda.

"Egesa," mwenyekiti alisema, mkono wake ukiwa tayari kwenye mlango wa mbele. "Toa mzigo yako hapa."

"Mzee, tafadhali ukae nyuma. Nyuma iko na nafasi mingi."

"Nafasi ya nini? Ya kulala? Mimi si mgonjwa. Mimi nakwenda mkutano Tororo."

"Ni usalama, mzee. Hapo mbele iko na shida."

"Muhogo inakaa haina shida, mimi mwenyekiti ndio nitapata shida?"

Madereva waliokuwa wakisubiri abiria waliacha karata zao. Paddy, ambaye Mungu alimpa gari zima na mdomo usio na breki, alipaza sauti: "Mwenyekiti, hapana sumbua hiyo gunia! Hiyo ni mkwe ya Egesa!"

Watu walicheka. Mwenyekiti hakucheka. Inafaa ieleweke, kwa heshima zote, kwamba katika mji ule kiti cha mbele cha gari la kukodi ni cheo kabla ya kuwa kiti. Mbele hukaa mchungaji, mwalimu mkuu, mjomba wa bibi harusi na yeyote anayelipa nauli ya wenzake. Nyuma hukaa watoto, kuku, wagonjwa wanaopelekwa hospitali ya Masafu, na mama wakwe, ambao hukaa nyuma ya dereva kabisa ili mkwe asiwaone usoni. Mwenyekiti wa kijiji hakai nyuma. Akikaa nyuma, kesho mtu atamuuliza kama bado ni mwenyekiti.

Olupot aliufunga mlango taratibu, kama mtu anayefunga jeneza la adui, akaenda kupanda gari la Paddy. Akakaa mbele. Alipopita aliinua mkono kumsalimu Egesa, na salamu ile iliuma kuliko tusi.

Kufikia Ijumaa, Egesa alikuwa amewapoteza mwalimu mkuu, mfanyabiashara wa samaki wakavu na shemasi. Gunia la muhogo halikukosa safari hata moja.

*

"Tuweke mtu mbele tu," Egesa alisema nyumbani, akitazama sahani yake. "Watu wamekaa hapo miaka miwili. Nani amekufa?"

"Ndiyo maana hatujui bado," mkewe Loy alijibu. "Ukigonga kitu ndiyo tutajua."

Loy ndiye aliyesikia habari ile redioni, akipanga nyanya sokoni. Magari ya aina yao, yaliyotengenezwa miaka fulani, yalikuwa yameitwa yarudi yakatengenezwe. Ndani ya dashibodi, mbele ya abiria, kuna mfuko wa hewa uliokunjwa. Gari likigonga, mfuko hujaa ghafla na kumkinga mtu. Lakini katika magari hayo, kopo la chuma linaloujaza mfuko lilikuwa limeoza. Badala ya kujaza, lingepasuka na kurusha vipande vya chuma kwenye uso na shingo ya aliyeketi. Upande wa dereva haukuwa na tatizo. Redio ilisema wenye magari hayo wasimkalishe mtu mbele mpaka yatengenezwe. Kisha ikapiga wimbo.

Siku waliponunua gari, mchungaji wao alilibariki. Kwa uangalifu mkubwa alipaka mafuta mahali palepale, juu ya dashibodi mbele ya abiria, na Loy akabandika hapo karatasi yenye maneno mekundu, MUNGU NI MLINZI. Sasa kila alipoyasoma maneno yale aliona kama wamempa Mungu kazi bila kumweleza vizuri.

Walikwenda Tororo kwa wakala wa kampuni ya magari hayo. Ofisi ilikuwa na baridi ya mashine na sakafu iliyoonyesha nyayo zao zote. Justine, dada wa mapokezi, alikuwa na kucha za rangi ya chungwa na ule upole ambao watu hufundishwa kwenye semina. Aliingiza namba ya gari kwenye kompyuta, akatabasamu.

"Ndiyo, limo kwenye orodha," alisema, kana kwamba wameshinda bahati nasibu.

"Kwa hiyo mnatengeneza leo?" Egesa aliuliza.

"Speya haijafika."

"Itafika lini?"

"Tutawajulisha."

"Namba yetu ya simu mnayo?" Loy aliuliza.

"Hapana. Lakini tutawajulisha."

Egesa aliuliza kama anaweza kumpa fundi wa mtaani akate waya. Tabasamu la Justine lilipungua kidogo. Fundi asiyefunzwa akiligusa lile kopo linaweza kumlipukia, alisema, na gari likishaguswa na mtu mwingine, kampuni haitalitengeneza tena.

Loy alisogea mbele. "Dada, mimi nauza nyanya. Mteja akikuta moja imeoza, anarudi na mimi nampa nyingine. Kama sina nyingine, narudisha pesa yake. Nyinyi hamna kopo nyingine. Sasa?"

"Sisi hatukuwauzia gari, mama. Mlinunua Kenya, kwa mtu."

"Lakini mlitengeneza."

"Sisi ni wakala. Hatukutengeneza."

"Nani alitengeneza?"

Justine aligeuka na kuonyesha picha kubwa ukutani. Ilikuwa picha ya kiwanda kirefu cheupe, mbali sana, na mbele yake kulikuwa na theluji.

"Hao," alisema.

Egesa na Loy waliitazama theluji kwa muda. Hapakuwa na mlango ulioonekana.

*

Maloba, aliyewauzia gari, alikuwa na uwanja wake wa magari upande wa Kenya, hatua chache tu baada ya geti la mpakani. Aliwapokea kwa mikono miwili na soda. Ukimtazama anavyocheka ungedhani magari yote yale anayagawa bure.

"Egesa, buda wangu! Gari si inatembea?"

"Inatembea. Lakini inaweza kuua mtu."

Maloba alisikiliza habari yote akitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayesikiliza msiba wa jirani wa jirani. "Hiyo ni mbaya sana," alisema. "Lakini mimi niliuza vile iko. Ulizunguka, ukapiga teke gurudumu, ukasema ni sawa. Mchungaji wako mwenyewe aliiombea hapa hapa. Mimi nitajuaje kitu imefichwa ndani ya dashibodi, na mchungaji mwenyewe hakuonyeshwa?"

"Basi urudishe pesa yetu."

"Pesa ilinunua gari zingine, mama. Si unaziona?" Alifikiri, akainamisha kichwa karibu na Egesa, akashusha sauti. "Lakini kwa sababu wewe ni mtu wangu, naweza kuichukua. Bei ya chini, chini kabisa. Nitampata mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu hasikilizi redio."

Egesa alitazama magari uwanjani. Aliyatazama muda mrefu kuliko Loy alivyotarajia, hata Loy akageuka kumtazama usoni. Aliona kwamba mumewe hakuwa amekasirika. Alikuwa anafikiria. Alikuwa anamfikiria mtu huyo asiyesikiliza redio, labda wa Bungoma, labda na mke anayependa kukaa mbele, na alikuwa anajaribu kutomwona vizuri.

"Twende," Loy alisema. Soda zao aliziacha zikiwa nusu, na hilo si jambo dogo kwa mama wa nyumba.

Wakabaki na wakili. Anjeline alitoa msaada wa sheria bure katika chumba kimoja karibu na kanisa mjini Tororo, chenye benchi lililojaa watu wa kesi za mashamba. Huyu aliwasikiliza. Hakutazama simu, na aliwauliza maswali ambayo wengine wote hawakuuliza: nani hukaa mbele, wana watoto wangapi, wanakula kutokana na nini. Egesa alitoka jasho la matumaini.

"Haki mnayo," Anjeline alisema. "Tena si ndogo. Mtu akikuuzia kitu, kinatakiwa kifae kwa kazi yake, na mtengenezaji anapokiri kosa hatakiwi kukuacha hivi hivi. Kinachokosekana ni mahali pa kuipeleka. Mwuzaji yuko Kenya, mtengenezaji yuko ng'ambo, na wakala anasema yeye ni dirisha tu."

"Tukishtaki, tunaweza kushinda?" Egesa aliuliza.

"Mnaweza."

"Lini?"

Anjeline alitazama mafaili yaliyojaa mpaka dirishani. "Binti yenu yuko darasa gani?"

"La sita."

"Akisoma kwa bidii," wakili alisema, na hakuwa anatania sana, "anaweza kuja kuimaliza kesi yeye mwenyewe."

*

Kwa kuwa dunia yote ilikuwa imekataa kukitengeneza kiti, Egesa alikiondoa. Aliazima spana, akafungua boliti, akakitoa nje na kukiweka sebuleni. Shallon, binti yao, alikipenda mara moja akakifanya kiti cha kusomea.

Kwenye stendi walimwita Pengo.

"Pengo, abiria wako wa mbele ameng'oka!" Paddy alipiga kelele. "Alikula nini?"

Lakini, ajabu, kazi ilirudi. Mahali pasipo na kiti, hakuna wa kudharauliwa. Mwalimu mkuu alikaa nyuma akanyoosha miguu mpaka karibu na injini, akasema hajawahi kusafiri hivyo. Wanawake wa sokoni waliweka matenga ya samaki pale. Hata shemasi alirudi. Usiku Loy alimsikia mumewe akipiga mluzi bafuni, akamwachia aumalize wimbo wake mbaya.

Mluzi ulidumu mpaka Alhamisi. Askari wa trafiki alisimamisha gari kwenye barabara ya Tororo, akazunguka, akainama dirishani.

"Kiti iko wapi?"

"Afande, iko nyumbani."

"Kiti inafanya nini nyumbani?"

"Mtoto anasomea."

Askari alivuta pumzi. Egesa akamweleza yote: kopo la chuma, redio, Justine, theluji. Alieleza vizuri, maana kwa siku zile alikuwa ameshayaeleza mara nyingi kuliko Imani ya Mitume. Askari alimsikiliza mpaka mwisho, na hakuwa mtu mbaya.

"Mimi nasikia wewe," alisema. "Lakini gari hii imeandikishwa abiria wanne. Wewe umebadilisha gari bila ruhusa. Hiyo ni kosa."

"Na kukalisha mtu kwa kiti inaweza kuua yeye? Hiyo si kosa?"

Askari alifikiri kwa haki kabisa. Alitazama hata juu, kuelekea Mwamba wa Tororo, kana kwamba jibu lingeweza kuwa limeandikwa huko.

"Hiyo," alisema mwishowe, "hapana. Hiyo haiko."

Aliichukua leseni ya Egesa. Ingerudishwa siku kiti kitakaporudi.

Hivyo Jumamosi Shallon alinyang'anywa kiti chake cha kusomea. Serikali, ambayo haikuwa na nguvu ya kulitoa kopo lililooza ndani ya gari, ilikuwa na nguvu ya kutosha kurudisha mahali pa kumkalisha mtu mbele yake. Egesa alikaza boliti moja moja. Askari alikuja akakitikisa kiti kwa mkono, akaona ni imara, akaridhika, akarudisha leseni.

*

Jumapili ilikuwa siku ya Shallon kupokea kipaimara, na ilikuwa lazima babu yake aletwe kutoka Osukuru kwa gari. Mzee Obore, baba yake Loy, alifanya kazi kiwanda cha simenti mpaka alipostaafu, na alikuwa ameuza maksai wake wawili ili mkwe wake aongezee apate gari. Hakuwahi kuwataja maksai hao. Alisema tu "kiti changu" kila alipopanda mbele, na kila mtu alielewa.

Egesa na Loy walimkuta amekwisha kaa nje, amevaa suti, kofia iko gotini. Mama yake Loy alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, tayari kuingia nyuma ya dereva. Egesa, kwa heshima ya mama mkwe, alikigeuza kioo cha ndani kitazame paa. Kwa hiyo safari ilianza na dereva asiyeweza kuona nyuma na anayeogopa kutazama mbele.

"Baba," Loy alisema, akifungua mlango wa nyuma. "Leo ukae hapa na sisi."

"Hapo? Kwa nini?"

Egesa alimweleza. Mzee alisikiliza, kofia mkononi.

"Hewa," alisema. "Mimi nimekula vumbi ya simenti miaka thelathini, niko hapa nasimama. Leo mfuko ya hewa ndio itaua mimi?"

"Si hewa, baba. Ni chuma ndani yake."

"Egesa. Kama umechoka na mimi, sema. Majirani wote wanatazama. Wewe unataka wao waseme Obore anapelekwa Masafu?"

Majirani kweli walikuwa wanatazama. Mmoja alikuwa ametoka na chai yake. Egesa aliinamisha kichwa, na Mzee Obore akafungua mlango wa mbele mwenyewe. Aliketi, akashusha kioo, akaweka kiwiko nje. Kisha akapigapiga dashibodi kwa kiganja, juu ya maneno mekundu, kama mtu anayempigapiga ng'ombe aliyemzoea. Loy alifumba macho.

Egesa aliendesha kama aliyebeba yai kwenye kijiko. Malori ya simenti yalimpigia honi mpaka yakachoka. Baiskeli yenye mkungu wa ndizi iliwapita, na mwenye baiskeli akawapungia. Mzee Obore alipunga pia. Alimpungia kila mtu mpaka Busia, na kila alipoinua mkono, Loy, aliyekuwa nyuma, alitazama shingo ya baba yake, mahali kola ya shati inapoishia.

*

Askofu alimwekea Shallon mikono, wanakwaya wakaimba, watu wakatoka nje kwenye jua. Chakula kilikuwa kinasubiri nyumbani, kwenye barabara ya kwenda Masafu. Mwenyekiti Olupot alikuwepo, na mwalimu mkuu, na hata Paddy, amevaa tai ya kuazima. Wote walisimama kutazama mgeni akipanda gari.

Mzee Obore alifungua mlango wa mbele, lakini hakuingia. Aligeukia watu.

"Leo mimi si mkubwa," alisema kwa sauti ya kutosha. "Mkubwa ni huyu. Shallon, mama yangu, njoo. Kiti hii ilikuwa ya babu. Leo babu anapatia wewe."

Watu walipiga makofi. Mwanamke mmoja alipiga vigelegele. Shallon, katika gauni lake jeupe, alikuja akikimbia. Mwenyekiti Olupot alitikisa kichwa kwa kukubali, kama mtu aliyeona hatimaye jinsi jambo linavyotakiwa kufanywa. Ilikuwa heshima kubwa kuliko zote ambazo mzee yule alikuwa nazo za kutoa, na hapakuwa na mtu hata mmoja pale, isipokuwa wawili, ambaye hakuona hivyo.

Egesa alifungua mdomo. Alitafuta maneno ambayo hakuwa ameshayasema kwa Olupot, kwa Justine, kwa Maloba, kwa wakili, kwa askari, kwa mkwe wake. Hayakuwepo. Shallon alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani.

Loy alimshika mtoto mkono, akamtoa.

"Nyuma," alisema. "Kaa na bibi."

"Mama, babu amesema..."

"Nyuma, Shallon."

Makofi yalikatika. "Loy," baba yake alisema polepole, "kama mtoto hakai, mimi nakaa mwenyewe."

"Hapana, baba. Nawe nyuma. Nakaa mimi."

Akaingia. Mwanamke aliyeolewa, mbele ya askofu na kijiji, alimwacha baba yake amesimama kwenye jua, akampokonya mtoto heshima yake, akaketi mbele. Alisukuma kiti nyuma mpaka kilipogota, akavuta mkanda, akaufunga.

"Eh!" mtu alisema. "Ndiyo sababu walikuwa wanaficha kiti hii. Kumbe ilikuwa ya madam!"

Safari hii aliyesema hakuwa Paddy. Paddy alikuwa anamtazama Egesa usoni, akilegeza tai yake ya kuazima.

Mzee Obore alivaa kofia yake. Aliingia nyuma, karibu na mkewe, akamweka Shallon gotini. Hakutazama nje. Hakumpungia mtu mkono.

Egesa aliwasha gari. Mikono ya Loy ilikuwa mapajani, imeshikana. Mbele yake yalikuwa maneno mekundu, karibu kiasi cha kuyagusa.

"Nitakwenda polepole," Egesa alisema.

"Wewe endesha tu."

Nyuma yao, Shallon alimuuliza babu yake kwa nini mama amekasirika. Mzee alilinyoosha gauni la mjukuu. Kisha akasema, kwa sauti ambayo alitaka wa mbele wasikie:

"Yeye hapana kasirika. Mama yako anapenda kukaa mbele."

Loy hakugeuka. Gari lilitoka nje ya geti la kanisa, likaingia barabarani nyuma ya lori lililojaa mawe.